Nyota na Kamera: Kipupwe ndio msimu wetu wa nebula

Barua nyingi za safari hii zinazunguka jambo moja: vipi mtu wa Unguja au Pemba atapiga picha ya nebula, yale mawingu ya gesi na vumbi yaliyotanda baina ya nyota, kwa kamera aliyonayo mkononi. Mimi nasomesha fizikia huku Wete na usiku napiga picha, basi nitajibu kwa namna tunavyofanya visiwani. Salamu zenu zote zimefika. Waalaykumu salaam.

SWALI: Bi Mwalimu, nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja huku kwetu. Mgeni aliniuzia kamera yake pamoja na lenzi ya milimita 50. Kitabu alichoniachia kinasema nebula nzuri kabisa zimo katika anga la majira ya joto, na kinaanza na ile iitwayo Lagoon katika kundi la Mshale. Nikangoja joto. Januari nzima nikitoka usiku, jasho linanitiririka, Mshale siuoni. Nakosea wapi? (Kijana wa Jambiani)

JIBU: Hukukosea kitu mwanangu. Kitabu kimeandikwa na mtu wa Ulaya kwa ajili ya watu wa Ulaya, na majira yao ya joto ni Juni, Julai na Agosti. Miezi hiyo sisi tumo katika kipupwe, kusi linavuma na watoto wanagombania shuka. Joto letu sisi ni la kaskazi, na katikati ya Disemba hadi katikati ya Januari jua lenyewe huwa linapita mbele ya Mshale. Kundi zima linachomoza na jua na kuchwa na jua. Hata ungekesha ufukweni usingeliona.

Sasa nikwambie jambo ambalo natamani kila kijana wa visiwani mwenye kamera alijue. Anga wanaloliita la majira ya joto linaonekana vizuri zaidi kutoka hapo ulipo kuliko kutoka kwao. Mtu wa London akiitafuta Lagoon ataiona ikiwa nyuzi 14 tu juu ya upeo, ikapenya kwenye moshi na taa za mji. Na mwezi wa Juni usiku wao haufiki giza kamili, mwangaza wa jua haujaisha upande mmoja unaanza upande wa pili. Kwetu Lagoon inapanda hadi nyuzi 72, karibu na utosi, hewa ya kupita ni chache, na giza kamili tunalo zaidi ya saa tisa kwa usiku mmoja. Huna haja hata ya jedwali la kukwambia giza linaanza lini. Likiingia Isha mabaki ya machweo yamekwisha, na Alfajiri inapoadhiniwa kazi yako imekwisha.

Mwishoni mwa Juni Lagoon inafika juu kabisa baada kidogo ya saa sita usiku. Kila mwezi inatangulia kwa saa mbili: karibu na tarehe 20 Julai itakuwa juu saa nne na nusu usiku, tarehe 20 Agosti saa mbili na nusu. Kwa anayekwenda kazini asubuhi, Agosti ndio mwezi wake. Unamaliza kupiga na bado unapata usingizi.

Kuipata si kazi. Tafuta kwanza Nge, mkia wake umejikunja kama ndoana na nyota nyekundu iko kifuani. Mashariki yake kuna nyota nane zinazofanya umbo la buli la chai. Huo ndio Mshale, wazee wa falaki wanauita Kausi. Mdomo wa buli unaelekea kwenye Nge, na pale mvuke ungetokea ukimimina chai kuna kibaka cheupe unachokiona kwa macho matupu ikiwa pahala penyewe ni giza. Hiyo ndiyo Lagoon. Urefu wake angani ni kama miezi mitatu mipevu iliyopangwa safu. Kwa lenzi yako ya milimita 50 elekeza kidogo kaskazini yake, utaingiza kwa mkupuo mmoja Lagoon, Trifid iliyo jirani yake, Omega, na ile ya Tai. Nebula ya Tai ndiyo iliyopigwa na darubini ya Hubble mwaka 1995, ile picha ya nguzo za vumbi ambayo dunia nzima imeiona. Zote nne Charles Messier aliziorodhesha mwaka 1764 akiwa Paris, ndiyo maana utazikuta zimeandikwa M8, M20, M17 na M16.

Kuhusu usiku wa kutoka, usihangaike na kalenda ya ukutani, tumia tarehe za mwezi mwandamo. Kuanzia tarehe 20 hivi mwezi unachelewa kuchomoza, jioni unayo wewe. Kuanzia 25 hadi ukiandama mpya, na siku tatu nne baadaye, usiku karibu wote ni wako. Lakini kumbuka kwamba giza la mwezi linakuja pamoja na bamvua. Pale Jambiani bahari hupwa mbali sana kiasi cha saa nne za usiku, ufukwe ukawa mpana unakuita. Usiende kusimamisha stendi huko katikati kisha ukajisahau kwenye skrini. Maji yanarudi usiku ule ule na baina ya kupwa na kujaa kwa bamvua kuna zaidi ya mita tatu. Na kwa kuwa pwani yenu inatazama kusi uso kwa uso, bora ujisitiri nyuma ya ukuta au kitalu cha makuti. Upepo unatikisa stendi na unaleta chumvi kwenye kioo.

SWALI: Mwalimu, nikiacha kamera ipige sekunde 30 nyota zote zinakuwa mistari. Nikipunguza muda, picha inakuwa nyeusi tupu. Sina kifaa cha kufuata nyota wala pesa ya kukinunua. Kuna njia? (Mpiga picha za harusi, Makunduchi)

JIBU: Ipo, ndugu yangu, na ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote kwa sababu haibagui mtu.

Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, na lenzi inauona mwendo huo upesi. Chukua urefu wa lenzi yako, na kama kamera ni ya kihisi kidogo (kihisi ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), kama zilivyo nyingi za bei ya kati, zidisha kwanza kwa 1.5. Kisha gawa 300 kwa jawabu ulilopata. Lenzi ya 50 inakuwa 75, na 300 ukigawa kwa 75 unapata sekunde 4. Hizo ndizo sekunde zako.

Sekunde 4 kwa wingu lililo mbali nasi zaidi ya miaka ya nuru 4,000 hazitoshi hata kidogo, hilo umeliona mwenyewe. Dawa yake ni kupiga picha nyingi mno za sekunde 4 na kuiachia programu izipange nyota juu ya nyota na kuzitia pamoja. Siril na DeepSkyStacker zote ni za bure. Kila ukizidisha idadi ya picha mara nne, chengachenga zinapungua nusu, kwa hiyo tofauti ya picha 50 na 200 utaiona wazi, na ya 200 na 800 pia. Picha ya kwanza ya nebula duniani aliipiga Mmarekani Henry Draper tarehe 30 Septemba 1880, nebula ya Orion, na kioo chake cha kupokea picha kilikaa wazi dakika 51 mashine ikilifuata anga. Wewe dakika hizo 51 unazikusanya vipande vipande: ni picha 765 za sekunde 4. Weka rimoti ya kupangia muda, kaa kitako, acha kamera ifanye kazi.

Mimi napigia kwenye uwanja wa kuanikia karafuu, nje kidogo ya mji. Msimu ukianza, karafuu huanuliwa kabla ya magharibi zisipate umande, kwa hiyo usiku uwanja ni mtupu, chini ni saruji tambarare na hakuna mti unaoziba juu. Stendi naiweka miguu mifupi, na katikati yake natundika mkoba mzito. Kisha linakuja jambo linalowashinda wengi, nalo ni kulenga, yaani kuifanya nyota itoke nukta kali. Usiiamini alama ya mwisho iliyochorwa kwenye lenzi. Naelekeza kamera kwenye ile nyota nyekundu ya Nge, naikuza mara kumi kwenye skrini, halafu naizungusha pete ya lenzi taratibu sana. Nyota inaanza ikiwa duara lililofura. Inapungua, inapungua, inakuwa nukta, pembeni inatoa uzi wa zambarau, kisha inaanza kufura tena. Narudi nyuma kiasi cha unywele hadi ule uzi upotee. Hapo naibandika pete kwa gundi ya karatasi na siigusi tena mpaka narudi nyumbani.

Tundu la lenzi usilifungue lote, lifunge kidogo hadi f/2.8, nyota za pembeni zitatulia. ISO, yaani wepesi wa kamera kuitikia mwanga, iweke 1600. Piga faili ghafi, zile zilizoandikwa RAW kwenye menyu. Kila baada ya dakika kumi hivi irudishe kamera katikati, maana kundi linakukimbia. Ukimaliza, funika lenzi na upige nyingine 20 au 30 za sekunde zile zile na ISO ile ile. Hizi za kifuniko programu inazitumia kuondoa madoa ambayo kihisi chenyewe kimeyatengeneza kwa joto. Joto nalo si dogo. Kila nyuzi 6 za Selsiasi zinazopungua, umeme wa joto unaozaa chengachenga hizo hukaribia kupungua nusu, sababu nyingine ya kukipenda kipupwe.

SWALI: Mimi kifaa cha kufuata nyota ninacho, nimeletewa na kaka yangu kutoka Uingereza. Maelezo yanasema nikilenge kwenye nyota ya kaskazini. Nimepanda juu ya dari kila wakati wa usiku, siioni. (Msomaji wa Mji Mkongwe)

JIBU: Na hutaiona, dada yangu. Ile nyota, manahodha wanaita Jaa, kwetu iko chini ya upeo daima. Mhimili unaouhitaji ni wa kusini, nao kwa Unguja uko nyuzi 6 juu ya bahari, kwa Pemba 5. Nyota iliyo jirani na ncha hiyo ni hafifu sana, na karibu na upeo hivyo ukungu wa bahari unaimeza. Usipoteze usiku kuitafuta.

Fanya kazi hiyo mchana. Tundika timazi uani, uzi na kitu kizito, pahala panapopata jua. Karibu na adhuhuri uangalie kivuli cha uzi na kila baada ya dakika chache utie alama ya chaki kinapoishia. Kinafupika, kinafika ufupi wake wote, kisha jua linapinduka na kinaanza kurefuka. Mstari wa kivuli kile kifupi kabisa ni kaskazini na kusini ya kweli, sahihi kuliko dira ya simu iliyozungukwa na mabati na nondo. Kipupwe jua letu liko upande wa kaskazini, kwa hiyo kivuli kinakuonyesha kusini moja kwa moja. Chora mstari, upige rangi ikiwa mwenye nyumba karidhia, na umepata mwelekeo wa kudumu.

Usiku weka kifaa sambamba na mstari huo, kiinue nyuzi 6 kwa kipimo cha mteremko kilichomo kwenye simu. Vitako vingine vya vifaa hivi vimetengenezwa kwa watu wa kaskazini na havishuki chini kiasi hicho. Kama chako hakishuki, kiondoe kabisa na ukiinamishe kifaa juu ya kichwa cha stendi. Na kabla ya yote tafuta swichi yenye herufi N na S, uipeleke kwenye S. Ukiiacha kwenye N kitazunguka kinyume na mistari itakuwa mirefu maradufu. Ukikosea kwa nyuzi moja tu, lenzi ya milimita 50 itakupa dakika nzima bila mstari unaoonekana. Kwa lenzi ya 135 ridhika na sekunde 20 mpaka utakapozoea.

Lakini juu ya dari la Mji Mkongwe taa zitakula nusu ya kazi yako. Jifunzie hapo, kisha ukapige kusini au mashariki. Ukija Pemba, Vumawimbi na Makangale kuna giza ambalo sijui nikueleze vipi. Pita kwanza kwa sheha ujitambulishe. Mtu mgeni na mtambo ufukweni saa saba za usiku lazima watu waulize, na wana haki.

SWALI: Boti za dagaa zinawasha taa kali mpaka bahari inakuwa kama mji. Tunaweza kuwaomba wapunguze? (Nungwi)

JIBU: Hapana. Wale wako kazini na dagaa hawaji bila taa kwenye giza. Bahati ni kwamba tunavyovitafuta viko juu, karibu na utosi, na taa zao ziko chini. Vaa kofia ya lenzi, geuza mgongo, piga.

SWALI: Simu inatosha? (Mwanafunzi, Mkoani)

JIBU: Inatosha kuanzia. Ikiwa simu ina hali ya kupiga nyota, kama zile za Pixel zinazokusanya mwanga hadi dakika 4, isimamishe imara, iache. Nyingine nyingi zina sehemu ya kupanga mwenyewe, weka sekunde 15, ISO 1600, na uweke kuchelewa kwa sekunde chache ili mkono wako usiitikise. Utapata Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaokatiza anga, na vumbi lake jeusi, na Lagoon itatoka kama doa dogo la waridi. Hilo doa ni nebula kweli.

SWALI: Mwalimu, binti yangu yuko kidato cha tatu, tangu akusome wewe anataka kutoka usiku na kamera ya ami yake. Jirani wananiambia mtoto wa kike asitoke baada ya magharibi. Sitaki kumvunja moyo na sitaki kujuta. (Mama, Chake Chake)

JIBU: Mama mwenzangu, nimeisoma barua yako zaidi ya zote. Asitoke. Uani kwenu kunatosha. Kama nilivyosema nebula hizi ziko juu ya paa, si kwenye upeo, na ua wenye ukuta unazuia upepo na taa za barabara kuliko ufukwe. Zima taa ya nje, zima na televisheni ikiwa dirisha linatazama uani, mkae naye. Macho yanahitaji karibu nusu saa yazoee giza, na tochi ifunikwe kwa kitambaa chekundu. Agosti kila kitu kinaanza baada ya Isha tu, mpaka saa nne yuko kitandani na skuli haikuharibika.

Na wakikuuliza ya nini, waambie falaki ni ilimu yetu ya zamani. Al-Sufi wa Uajemi mwaka 964 aliandika juu ya kibaka cha wingu angani ambacho leo tunajua ni galaksi ya Andromeda, na hakuwa na kamera wala darubini. Binti yako anacho alichokikosa yeye. Mimi pia nilianzia uani kwetu, mama yangu amekaa kwenye mkeka pembeni. Mwambie aniletee picha yake ya kwanza hata ikiwa mbaya, nataka kuiona.

SWALI: Kwa nini picha zako ni nyekundu na mimi kwa macho naona kijivu? Unatia rangi? (Msomaji, Micheweni)

JIBU: Sitii. Gesi ya haidrojeni ikichomwa na nyota changa inatoa mwanga mwekundu wa nanomita 656. Sehemu ya jicho inayofanya kazi gizani wekundu huo haiuoni, ndiyo maana unaona kijivu na huo ndio ukweli wa jicho. Kamera inauona, ingawa nyingi za dukani zina kichujio kinachoukata sehemu kubwa, kwa hiyo picha inatoka waridi iliyopauka. Wapo wanaokitoa kichujio. Kwa mtu wa harusi nasema usikitoe, maana bi harusi atatoka mwekundu. Kinachonikera ni kuongeza rangi mpaka wingu linakuwa kama shira ya sharubati. Weupe wa nyota ukipotea umezidisha, rudi nyuma.

SWALI: Lenzi yangu imeota utando ndani kama wa buibui. (Fundi picha, Mkokotoni)

JIBU: Hiyo ni kuvu, inapenda unyevu na giza la mkoba. Usifungue lenzi mwenyewe. Ianike kidogo juani upande wa kioo cha mbele, isiwe kwenye joto la mchana, isimamiwe, na nyuma ifunikwe isije jua likapita ndani likaunguza kitu. Miale ya jua inaidumaza. Alama iliyokwisha kula kioo haitoki, ila picha bado utapiga.

Zilizobaki ziokoe hivi. Ukirudi usiku, kamera ikiwa na umande, usiitie mkobani. Ifute chumvi kwa kitambaa laini kilichotiwa maji baridi kidogo, iache mezani ikauke mpaka asubuhi. Kisha iweke katika kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Omba kwa wauza viatu wa Darajani, wanavitupa. Vikishiba unyevu vikaushe karibu na moto mdogo na uvirudishe. Na wakati wa mchoo, hizi mvua ndogo za Julai na Agosti, fungua kopo ukague kila wiki.